Upande wa Jiko

Siku ya kumi na moja Suo Yuqin alikuwa bado amelala chali, miguu yake miwili imeshonwa pamoja.

Si kufungwa, kushonwa. Daktari alikuwa ameinua kipande cha ngozi na nyama kwenye shavu la mguu wa kushoto, akakiacha kimeshika upande mmoja ili damu iendelee kupita, kisha akakilaza juu ya shimo lililokuwa kwenye mguu wa kulia na kukishona pande zote. Juu yake wakazungusha plasta ngumu kuanzia mapajani hadi nyayoni, na katikati ya miguu wakatia gongo la mbao ili asiweze kuipanua wala kuibana. Waliacha kidirisha kimoja, ukubwa wa kiganja, cha kuchungulia kama ngozi ile ngeni inaishi au inakufa.

"Siku ishirini na moja," Daktari Qu alikuwa amemwambia. "Damu ya mguu mwingine ikishazoea, nitakata huku, utakuwa huru. Ukijivuta kabla, kipande kinakufa. Kikifa sina kingine cha kukupa, nitaukata mguu chini ya goti."

Daktari Qu alikuwa mtu wa kusema mambo kavukavu, na Yuqin alimpenda kwa hilo. Lakini kulala hivyo ni mateso, asikudanganye mtu. Haja ndogo kwenye beseni, haja kubwa kwenye beseni, na mumewe Fu Dianchen, mwanamume wa miaka hamsini na mitano ambaye hajawahi kuosha hata bakuli, ndiye wa kulibeba hilo beseni. Kisigino kikiwasha ndani ya plasta hakuna wa kukikuna. Mgongo ukiuma, unauma.

Kitanda cha pili alilala Teng, mama mnene aliyechomwa kidoleni na mfupa wa nguruwe, akapuuza, mkono ukatunga usaha hadi kiwiko, ukapasuliwa mara mbili. Mkono ulikuwa mgonjwa, mdomo ulikuwa mzima.

"Mama Baolin," alikuwa akisema kila asubuhi, "wewe leo hata ukitaka kumkimbia mumeo huwezi."

"Miaka thelathini na tano sijamkimbia, nianze leo?"

"Ndiyo nasema. Wamekushona wakati hapana haja."

Wote wawili walicheka, na Dianchen aliyekuwa akimenya pea lililoganda kwa baridi alicheka pia, bila kujua anachekwa.

Yuqin aliingia nyumba ya kina Fu, kijiji cha Liushugou, akiwa na miaka kumi na minane. Kina Fu walikuwa watu wa tofu, ile jibini ya soya. Katika nyumba za kaskazini mwa nchi ile jiko na kitanda ni kitu kimoja: moshi wa jiko hupita chini ya kang, lile tandiko pana la matofali ambalo familia nzima hulala, na mahali panapopata joto zaidi ni upande wa jiko. Ndipo anapolala mzee. Ndipo anapowekwa mgeni wa heshima. Nyumba nyingine jiko huwashwa asubuhi na jioni, basi. Nyumba ya kina Fu jiko liliwaka tangu alfajiri mpaka mchana kuchemsha maziwa ya soya, likawashwa tena jioni kwa ajili ya chakula. Mkeka wa upande ule ulikuwa umebadilika rangi, kahawia kama ukoko wa wali, na kila baada ya miaka miwili ilibidi ubadilishwe.

Alipojifungua mtoto wa kwanza, Baolin, alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama mkwe wake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Mzee hata alipokuwa bado si mzee, alihama mahali pake upande wa jiko na kumlaza mkwewe hapo akae mwezi wake wa uzazi. Siku thelathini, hakuna kutoka, hakuna kushika maji baridi, hakuna upepo, dirisha limebandikwa karatasi. Alimfunga kitambaa kichwani, akamfunika mablanketi mawili, akamlisha uji wa mtama na mayai na sukari nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. "Baridi ikiingia mifupani mwezi huu haitoki tena mpaka unakufa," alimwambia. "Lala. Usiondoke hapo."

Afadhali Mama Mzee angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamkasirikia, unamtukana moyoni, unasogea. Huyu alikuwa amempa mahali pake pa kulala.

Usiku wa pili mguu wa kulia, upande wa nje, ulianza kuchoma. Yuqin alijaribu kusogea akasogezwa kurudi. Siku ya tano ngozi ilikuwa imechorwa mistari myekundu, kama wavu. Siku ya kumi mistari ikawa ya kahawia. Baadaye pale hapakuuma tena, na hilo ndilo lililomdanganya, akadhani amepona. Siku ya thelathini alipovua suruali aliona nyama nyeupe, ngumu, ukubwa wa yai, na pembeni yake ngozi inabanduka.

Jirani aliyekuja kumpongeza alimwona akichechemea. "Mguu una nini?" Mama Mzee alikuwa amesimama pale na mtoto mikononi, anang'aa kwa furaha. Yuqin akasema amemwagikiwa na maziwa ya soya.

Maneno hayo aliyasema mara moja tu, na baadaye yakawa yanajisema yenyewe. Mumewe aliyaamini. Watoto walikua wanayajua. Mama Mzee alimtafutia mafuta ya nyegere, dawa ya kuungua, akampaka mwenyewe, na mwaka baada ya mwaka kidonda kilikuwa kikifunga majira ya joto na kufunguka majira ya baridi. Aliinuka alfajiri, akasaga soya, akachemsha, akagandisha, akakata, akazunguka na mkokoteni akiita wateja. Suruali aliifunga kamba kwenye kifundo. Alizaa wengine watatu na kwa hao wote alijifanya ana kikohozi ili alale mbali na upande wa jiko, eti asimwambukize mtoto. Alikuwa mwongo hodari, maskini, kwa jambo hilo moja tu.

Mwaka wa thelathini na nne kidonda kiliota kingo. Kilinuka. Nyama yake ikawa inachomoza kama koliflawa na kutoka damu kikiguswa. Ndipo wakampakia kwenye basi mpaka hospitali ya wilaya.

"Hiki kilianzaje?" Daktari Qu alimuuliza siku ile ya kwanza.

"Maziwa ya soya, daktari. Yalinimwagikia nikiwa na miaka kumi na tisa."

Daktari aliugeuza mguu kuelekea dirishani. "Maziwa yakimwagika huteremka. Huacha michirizi mpaka kisiginoni. Hili kovu limekaa mahali pamoja."

Yuqin aliangalia ukuta. Dianchen alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mimi nimezaliwa wilaya hii hii, mama," daktari akasema. Alingoja kidogo. "Haya. Maziwa ya soya." Akaandika.

Ilikuwa saratani, ile inayoota juu ya kovu la moto lililokaa miaka mingi bila kupona. Haikuwa imepanda kwenye tezi za kinena, na hiyo ilikuwa bahati. Akaikata kwa mapana na kwa kina hadi mfupa ukaonekana, na kwa kuwa mfupa ulio wazi haushiki ngozi nyembamba ya kupandikiza, akaazima kwenye mguu wa pili.

Siku ya nne ya plasta, simu ilipigwa kutoka kijijini: mke wa Baolin, Ning Caixia, amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Baolin mwenyewe alikuwa milimani akikata magogo, hatarudi mpaka karibu na mwaka mpya. Dianchen alirudi wodini kutoka kwenye simu uso wote ukimeta kwa furaha.

"Na unajua Mama amefanya nini? Amehama. Na miaka yake themanini na tatu, amemwachia Caixia upande wa jiko. Kamlaza mwenyewe."

Moyo wa Yuqin ulishuka. 

"Nani anachemsha maziwa?" akauliza.

"Mama na mke wa jirani. Si unajua, kila mtu anataka tofu ya kugandisha kwa ajili ya sikukuu. Karani wa kijiji anasema jiko halizimwi."

"Baba Baolin. Piga simu tena. Mwambie Mama amlaze Caixia katikati."

"Katikati? Kwa nini?"

"Hapo pana joto sana."

Dianchen alicheka. "Sasa mwezi wa uzazi si ndiyo joto? Wewe alikulaza hapo hapo, kuna ubaya uliokupata? Si umezaa watoto wanne?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini kusema ni kumwambia mwanamume huyu kwamba mama yake ndiye aliyeuchoma mguu unaooza mbele ya macho yake, na kwamba mkewe amemdanganya tangu ujana. Na simu ya Liushugou iko moja tu, ofisini kwa karani, na karani Sheng wakati wa baridi hatoki kwenye stovu yake kumpelekea mtu ujumbe. Anatangaza kwenye kipaza sauti kilichotundikwa mlingotini. Filamu, nguruwe waliopotea, barua, ugomvi, kila kitu kijiji kizima kinasikia. Kutangaza kwamba mkwe wa kina Fu aondolewe mahali pa heshima ni kumvua nguo Mama Mzee barabarani.

"Basi acha," akasema.

Aliacha, na akalala pale na hasira. Alikuwa akihesabu. Leo ana siku moja. Leo ana mbili. Leo ngozi ni nyekundu tu, ukiigusa inakuwa nyeupe halafu inarudi. Aliijua kila siku ya mwezi ule, aliijua kwa mguu wake, na hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa akihesabu naye. Angekuwa na miguu angetembea kilomita arobaini kwenye theluji, angeingia ndani, angemvuta yule binti kwa mkono bila kueleza chochote. Yeye ni mama mkwe, ana haki hiyo. Lakini miguu ilikuwa imeshonwa, na akiing'oa anaupoteza mmoja.

Siku ya nane Dianchen alikwenda nyumbani kumwona mjukuu, Teng akaahidi kumwangalia mgonjwa kwa mkono wake mmoja. Alirudi siku ya kumi jioni na mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, akagawa wodi nzima. Mtoto ana nywele nyingi. Mtoto ana masikio ya Baolin.

"Na Caixia?" Yuqin aliuliza.

"Katulia kama maji mtungini. Hasemi neno. Mama anasema hajapata kuona mkwe mvumilivu hivyo tangu wewe." Akamenya yai. "Ana vialama vyekundu tu mguuni, kama wavu hivi. Mama anasema ndiyo damu inatembea vizuri."

Yai lilimkwama Yuqin kooni, Teng akalazimika kumpa maji.

Dianchen alikuwa amekuja pia na maagizo mengine kutoka kwa mama yake, na haya hakuyasema. Asubuhi iliyofuata, Yuqin akiwa usingizini, alichukua chupa ya kioo iliyokuwa na dawa ya maji ya mshipani, akaijaza maji ya moto, akaizungushia taulo, akajaribu kwa shavu lake mwenyewe kama haichomi, na kuiweka taratibu chini ya blanketi, pembeni ya kile kidirisha cha plasta. Vidole vya miguu vya mkewe vilikuwa baridi. Alikuwa amekaa siku nyingi anaviona vina rangi ya bluu na hana la kufanya. Alimfunika vizuri, akaketi.

Daktari Qu alipopita kukagua, saa tatu, alifunua blanketi na uso wake ukabadilika.

"Nani?"

Dianchen alisimama. "Haichomi, daktari. Nimejaribu mwenyewe. Ni vuguvugu tu."

"Nani alikuambia uweke joto hapa?"

"Mama alisema..."

"Mama yako ana plasta? Mama yako ameshona hii?" Daktari aliitoa chupa, akainamia kidirisha na kurunzi. Pembeni ya ngozi ngeni kulikuwa na lengelenge, ukubwa wa punje ya harage. Akalibonyeza kandokando, akasubiri, akabonyeza tena.  Yuqin alitazama paji la uso la daktari kwa sababu ndicho kitu pekee alichoweza kuona kutoka alipolala.

"Umesikia maumivu?" daktari alimuuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo. Hii ngozi imekatwa mishipa ya fahamu, haina mdomo. Wewe ungelala na hiyo chupa mpaka mchana na kuamka umeiva." Akainuka. "Kingo tu. Sehemu nyingine damu inapita. Nusu saa zaidi ningekuwa naandika karatasi ya kukata mguu." Kisha akamgeukia Dianchen, na sasa sauti ilikuwa ya chini, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Baba, joto linalokuchoma unalikimbia. Linaloua nyama ni hili la vuguvugu, la kukaa. Kila baridi naletewa wanawake wametoka kwenye mwezi wao, mguu au nyonga imeiva, na wote wanasema wamemwagikiwa chai."

"Daktari," Yuqin akasema. "Ngozi ikiwa bado nyekundu. Ikiwa ina michoro kama wavu, siku ya saba. Inapona?"

Daktari alimtazama. "Siku ya saba? Akihama hapo leo, inapona yenyewe. Akikaa, haiponi."

Akahamia kitanda kingine. Dianchen alikuwa bado amesimama na ile chupa. "Mama Baolin, nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Nenda nyumbani ukamwondoe Caixia upande wa jiko."

"Basi limeondoka. Mpaka kesho." Akashusha sauti. "Na nikamwambie Mama nini? Niingie nimwambie unamuunguza mkweo? Mama yangu?"

"Basi nisukume mpaka kwenye simu."

"Wewe? Na miguu hiyo?"

"Kitanda kina magurudumu."

Nesi Miao aliyekuwa akifunga mkono wa Teng alisema haiwezekani, simu iko ofisini mwisho wa ukumbi, na mgonjwa wa aina hii hatikiswi. Teng akasema, "Wewe msichana, huyu hajaomba hata beseni siku kumi na moja bila kuona haya. Akiomba kitu leo ana sababu." Daktari Qu, aliyekuwa ameinama juu ya mtu mwingine, alisema bila kugeuka: "Polepole. Asitikiswe."

Wakamsukuma. Ukumbi mzima ulitoka kutazama: kitanda, blanketi lililoinuka kama hema juu ya plasta, mwanamke wa makamo amekodoa macho darini, mumewe nyuma ameinamisha kichwa kama msindikizaji wa maiti. Kwenye mlango wa ofisi kitanda hakikupita. Waya wa simu ulivutwa mpaka ukakaza, nesi akamshikilia kipokezi sikioni. Opereta alichukua muda. Kisha sauti ya karani Sheng ikaja, inapiga kelele kama kawaida yake.

"Alo! Nani huyo?"

"Mimi, mama Baolin. Wa tofu."

"Ah, shemeji! Mguu bado unao?"

"Bado ninao. Sheng, sikiliza. Vuka barabara uingie kwangu ukamwambie Caixia..."

"Nivuke? Nje ni digrii thelathini chini ya sifuri, mate yanaganda kabla hayajafika chini. Na mwanamume anaingiaje kwenye nyumba yenye mzazi? Mama Mzee atanivunja shingo. Niambie nitangaze."

"Tangaza ahame upande wa jiko. Alale katikati."

Karani alishusha sauti.

"Shemeji. Hilo sitangazi. Watu watasema kina Fu wanamnyima joto kwa kuwa amezaa msichana. Mama Mzee atakuja hapa na mwiko." Akafikiri. "Sema mwenyewe. Naweka simu kwenye maikrofoni. Ukitukanwa, utukanwe wewe uliye mbali. Haya, imewaka."

Palikuwa na mvumo, halafu Yuqin akasikia pumzi zake mwenyewe zinamrudia kupitia waya, kubwa, zikitoka kwenye kipaza sauti juu ya paa za kijiji. Aliogopa. Alitaka kusema yuko salama, wasalimieni wote, kisha akate. Upande wa juu wa macho yake alikuwa anauona uso wa Dianchen umegeuka juu chini.

"Caixia," akasema. "Ni mimi, mama yako. Hama hapo ulipolala. Sasa hivi, usingoje uambiwe. Huo wekundu si damu kutembea. Unaungua." Sauti ilimtetemeka, ikampandisha hasira, na hasira ikamsaidia. "Mimi sikumwagikiwa na maziwa. Niliwadanganya wote. Niliungua hapo hapo, mwezi wa uzazi, na Baolin yuko kifuani. Nikanyamaza miaka thelathini na nne, na sasa ni saratani, wamenishona miguu kama gunia. Mama, unanisikia? Sisemi kwa ubaya. Ulinipa mahali pako. Lakini mtoe huyo mtoto wa watu hapo. Mtoe."

 Mvumo ukakatika, karani akarudi kwenye waya na sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo.

"Shemeji."

"Unaona nini?" Ofisi ya karani ilitazamana na ua wa kina Fu, dirisha kwa mlango.

"Hakuna... Ngoja. Mlango umefunguka. Ni Mama Mzee."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Hana kofia. Ana koleo la jikoni. Anatoa moto, shemeji, anautupa kwenye theluji. Amerudi ndani. Ametoka na moto mwingine. Yanawaka hayo mabua, anayatupa tu. Anateleza... hajaanguka."

"Na Caixia?"

"Kuna mtu anagonga dirisha kwa ndani. Anaita. Nadhani anasema amehama." Akatega sikio. "Ndiyo, anasema amehama. Lakini mzee haachi. Amekuja na koleo la tatu."

"Sheng! Mwambie asiutoe wote!" Yuqin alipiga kelele mpaka nesi akaruka. "Kuna kichanga ndani! Atapoa!"

Kwa mbali, kupitia ukuta na maikrofoni, alimsikia karani akinguruma: Mama Mzee! Mkweo anasema usiutoe wote! Kuna kichanga! Kisha akarudi kwenye simu. "Amesimama."

"Analia?"

"Toka hapa siwezi kuona, shemeji."

Opereta akaingilia kati kwamba kuna simu ya serikali inataka njia, na waya ukafa.

Nesi Miao alirudisha kipokezi mahali pake bila kelele. Watu waliokuwa ukumbini walikumbuka ghafla kwamba wana vitanda vyao. Yuqin alikuwa ameloa jasho, na ndani ya plasta kisigino kiliwasha sana. Caixia amehama. Alijirudia hilo mara kadhaa, na kila mara lilikuwa bado kweli.

Dianchen hakuwa ameondoa mikono kwenye chuma cha kitanda.

"Mwezi ule na mimi nililala pale," akasema hatimaye. "Mwisho wa kang. Hatua tatu toka kwako."

"Ndiyo."

"Hatua tatu. Mbona hukuniamsha?"

Yuqin alitazama dari. Angeweza kusema alikuwa mtoto, alikuwa mwoga, hakujua. Lakini alikuwa ametoka kusema kweli mbele ya kijiji kizima na hakuwa na nguvu ya kuanza uongo mwingine.

"Nilikuamsha," akasema. "Usiku wa pili. Ukasema nimwambie Mama."

 Zilikuwa zimebaki siku kumi za plasta, na hapakuwa na mtu mwingine wa kubeba beseni. Dianchen akakigeuza kitanda kuelekea wodini na kumsukuma polepole, maana daktari alikuwa amesema asitikiswe.